Mwenye Haki za Picigin

Bepo Kaleb alikuwa na miaka arobaini na sita, suti moja ya kitani, na mdomo. Suti ilikuwa imechoka. Mdomo ulikuwa bado mpya kabisa, na ndio uliomlisha, ukamvisha na kumhamisha mji kila ulipomponza.

Jumatatu moja ya Januari alikuwa amekaa Riva, pale mbele ya bandari ambapo watu wa Split, mji wa pwani ya Kroatia, huota jua na kujifanya wana shughuli, akinywa kahawa ya maziwa aliyoianza saa mbili na nusu zilizopita. Meza ya pili alikaa kijana mwenye koti zito la watu wa Zagreb, mji mkuu, anafoka kwenye simu bila kujali nani anasikia.

"Mpira wa miguu umekwenda, mkurugenzi! Mpira wa mikono umekwenda! Vala wamenunua hadi kuvuta kamba. Nasema kweli, kuvuta kamba! Ndiyo. Ndiyo, nimeelewa. Mchezo wowote, mubashara, ambao Vala hawana. Kabla ya mwisho wa mwezi. Hata wa majini, ndiyo."

Bepo alikiweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeingia kanisani.

Nchi nzima ilijua habari za Zmaj na Vala. Zilikuwa kampuni mbili za kurusha michezo mtandaoni, na kwa miaka miwili zilikuwa zikinyang'anyana haki za matangazo kama watoto wanaogombea mdoli: hakuna aliyemtaka mdoli, kila mmoja alitaka mwenzake amkose.

"Samahani, kaka," alisema Bepo, tayari ameshavuta kiti. "Sikusikiliza, nimesikia tu. Mmeshachukua picigin?"

"Pici nini?"

Bepo alimtazama kwa huruma nzito. "Basi Vala wamewawahi," alisema, akajifanya anainuka.

Kijana akamshika mkono wa suti. Jina lake lilikuwa Krešimir Lukinac, ofisa wa manunuzi wa Zmaj.

*

Kesho yake asubuhi walisimama kwenye mchanga wa ufukwe wa Bačvice. Maji ya pale yanaishia chini ya magoti hata ukitembea mpaka uchoke, na ndani yake watu watano wenye umri wa kustaafu, wamevaa chupi za kuogelea tu, walikuwa wakipigiana kimpira kwa viganja ili kisiguse maji. Huo ndio mchezo. Wanaucheza kiangazi na kipupwe, na siku za upepo wa kaskazini wanaucheza kwa kiburi zaidi.

Muuza samaki mstaafu, Jakov, aliruka akanyooka hewani kama ubao, akakigusa kimpira kwa ncha za vidole, akaanguka kifua mbele. Maji yalipaa.

"Mungu wangu!" alisema Krešimir. "Nani anaongoza?"

"Hakuna anayeongoza."

"Matokeo ni ngapi basi?"

"Hakuna matokeo. Unaona utamu wake? Kwenye mpira wa miguu, timu ikifungwa tatu mtazamaji anazima. Huku atazima kwa sababu gani?"

Krešimir alifikiri. Ni kweli, hakuona sababu.

"Na ligi ina timu ngapi?"

"Sita," alisema Bepo, ambaye alikuwa ameianzisha ligi hiyo usiku uliopita akipiga mswaki. "Bepo Kaleb, katibu mkuu wa Shirikisho la Picigin la Adria. Unazungumza na mwenye haki zote."

Wakapeana mikono. Euro elfu sitini kwa msimu. Krešimir alitaka vitu viwili tu: shirikisho liwe limesajiliwa, na pesa ziingie kwenye akaunti ya shirikisho, siyo kwenye mfuko wa mtu. Wanasheria wake walikuwa wasumbufu, alisema.

"Wangu ndio usiseme," alijibu Bepo.

*

Kati ya wale wachezaji watano alikuwemo mama mmoja wa miaka sitini na tisa, Vinka Roguljić, mwembamba, mweusi kwa jua hata wakati wa baridi. Bepo alikuwa amesikia kwamba alifanya kazi miaka thelathini ofisi ya usajili wa vyama. Alimkuta akijifuta mchanga miguuni, akamwambia kwa sauti ya mtoto mwema kwamba kuna msaada kidogo wa kutoka Zagreb, wa kununulia labda benchi la kukalia, ila wanahitaji chama.

Bi Vinka alizisoma karatasi alizopewa huku akitingisha maji sikioni.

"Bepo mwanangu, hili benchi lina maneno mengi. Neno 'pekee' limeandikwa mara kumi na moja."

"Ni lugha ya watu wa Zagreb, mama. Wao hata 'habari za asubuhi' huandika kurasa tatu."

"Haya. Niachie mimi. Nitakuandikia katiba, nitakusajilia, nitakufungulia na akaunti. Wewe uwe katibu mkuu. Sisi wazee tutajaza tu nafasi zilizobaki, sheria inataka majina."

Bepo alimbusu mkono. Aliporudi siku ya tatu kutia saini, simu yake ilikuwa sikioni, kwa maana alikuwa ameshampigia mtu wa Vala. Alitia saini ukurasa wa kwanza, wa saba na wa kumi na tisa, mahali ambapo Bi Vinka alikuwa akimwekea kidole, huku akisema kwenye simu: "Hapana, dada, siwezi kukuuzia. Nimepiga tu kukuambia kwamba siwezi. Roho inaniuma."

Huyo dada alikuwa Ljubica Farkaš, mkuu wa manunuzi wa Vala, mwanamke aliyekuwa hajalala vizuri tangu Zmaj wamnyang'anye mbio za baiskeli. Alifika Split kwa gari siku hiyohiyo na hakutaka hata kuuona mchezo.

"Zmaj wanautaka?" aliuliza kabla ya kuketi.

"Dada Ljubica, mimi ni mtu wa siri."

"Wanatoa ngapi?"

"Ningesema, lakini ni ya chini mno, naona aibu kwa niaba yao."

"Elfu mia moja na kumi. Haki zote, pekee. Nataka nimwone Lukinac akilia."

Ikumbukwe, kwa faida ya wanaodharau watu wa kazi hii, kwamba Bepo alisita. Alisita sekunde mbili kamili. Kisha akaitoa kalamu.

*

Pesa zote ziliingia Jumatano ya wiki iliyofuata. Alhamisi asubuhi Bepo alinyoa ndevu mara mbili, akanunua tiketi ya meli ya kwenda Ancona, Italia, akaingia benki na begi tupu.

Dada wa kaunta alitazama kompyuta, akamtazama Bepo, akatazama tena kompyuta.

"Bwana Kaleb, wewe unaruhusiwa kuweka."

"Nimeshaweka. Leo natoa."

"Kutoa ni rais wa shirikisho na mweka hazina, kwa pamoja. Wewe ni katibu mkuu. Kifungu cha kumi na nne. Saini yako hii hapa, nzuri tu."

"Rais ni nani?"

"Bi Vinka Roguljić."

"Na mweka hazina?"

"Anaitwa Jakov. Muuza samaki, nadhani. Ananukia hivyo."

Bepo hakukumbuka alivyofika Bačvice. Alikumbuka tu kwamba aliingia majini na viatu. Wale wazee walikuwa katikati ya mchezo.

"Mama!" alipiga kelele. "Umenipiga!"

"Nimekupiga nini, mwanangu?" alisema Bi Vinka, akirudisha kimpira kwa kiganja cha kushoto. "Benchi limenunuliwa. Na chumba cha kubadilishia nguo. Na maji ya moto, fikiria. Miaka arobaini tunavaa suruali kwenye upepo hapa. Simama pembeni, unamziba Jakov."

"Hizo ni pesa zangu!"

"Basi nenda polisi ukawaeleze ulivyozipata. Nitakusindikiza, nawafahamu wote."

Bepo alifungua mdomo wake mpya; Jakov akaanguka kifua mbele kando yake, ukajaa maji ya chumvi.

Simu ilimlilia mfukoni. Alikuwa Krešimir. Kisha Ljubica. Kisha wote wawili kwa zamu, bila kupumzika, mpaka Jakov akamwambia ama apokee ama aitupe, inawavuruga.

Magazeti ya mchana yakamweleza kilichotokea. Zmaj na Vala zilikuwa zimeungana. Mabosi walikuwa wamechoka kupandishiana bei, wakapatana kimyakimya wakati wanunuzi wao bado wanachinjana. Kuanzia siku hiyo ilikuwa kampuni moja, ofisi moja, kabati moja la mikataba. Na ndani ya kabati hilo, mikataba miwili ya picigin, yote ya haki pekee, yote imetiwa saini na mtu mmoja mwenye mwandiko wa kupendeza.

*

Ijumaa walifika pamoja kwenye gari moja, Krešimir na Ljubica, wamekaa kama mume na mke waliogombana safari nzima. Bepo aliwasubiri kwenye mgahawa wa ufukweni kwa sababu hakuwa na nauli ya kwenda kwingine; tiketi ya Ancona alishaiuza ili alipe kodi ya chumba. Bi Vinka alikaa kando yake na taulo kichwani.

"Jambazi," alisema Ljubica.

"Mwizi," alisema Krešimir. Ndiyo mara yao ya kwanza kukubaliana.

"Watoto wangu," alisema Bi Vinka, "mmeshamwambia mkurugenzi?"

Krešimir alitazama kikombe. Ljubica alitazama bahari.

"Maana," aliendelea Bi Vinka, "ofisi moja haihitaji wanunuzi wawili. Na mkurugenzi akisikia kwamba mlinunua kitu kimoja mara mbili, kwa mtu wa barabarani, mmoja wenu hata mchezo wenyewe hakuuona... sijui atambakisha nani. Mimi ni mstaafu, hayo siyajui."

"Tufanyeje, mama?" alisema Krešimir. Sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

"Mkataba wako wewe ni wa ligi. Wa dada ni wa kombe."

"Kuna kombe?" aliuliza Ljubica.

"Kuanzia sasa hivi lipo. Ligi Jumamosi, kombe Jumapili. Nitatengeneza viambatisho viwili, mtatia saini, hakuna aliyenunua cha mwenzake. Timu sita ninazo, nimeshawapigia simu. Kila mtu mwenye magoti mazima mjini hapa anataka kuonekana."

Ljubica alipumua kwa muda mrefu. Kisha akamwonyesha Bepo kidole. "Na huyu?"

"Huyu ni katibu mkuu," alisema Bi Vinka. "Hana mshahara, katiba inakataza. Na kwa kifungu cha ishirini na mbili, ndiye mchezaji wa akiba. Jakov anafanyiwa upasuaji wa nyonga Jumatatu."

"Mimi sijui kucheza!" alisema Bepo.

"Utajifunza. Nakala za mikataba yote miwili ya mwanzo nazitunza mimi, nyumbani, mahali pakavu. Ukikosa mazoezi nitaisoma kwa sauti mbele ya hakimu."

*

Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa nne asubuhi, maji yakiwa na baridi ya kukata maneno, Bepo Kaleb alionekana mubashara nchi nzima akiwa na chupi ya kuogelea ya kuazima. Alikosa mipira tisa. Wa kumi ulimpiga puani. Watazamaji walimpenda papo hapo. Kamera nazo zikampenda, zikaufuata uso wake kwa karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu nywele za nyusi, na chini ya uso likaandikwa jina lake lote, kwa herufi kubwa.

Hapo ndipo inabidi tueleze jambo ambalo mwenyewe alikuwa hajalifikiria. Mtu wa kazi ya Bepo anaishi kwa kutopatikana. Rijeka alijulikana kama Daktari Babić. Zadar alikuwa nahodha. Šibenik alikuwa mjane mwenye shamba la mizeituni, na posa tatu. Katika miji yote hiyo walikuwepo watu waliokuwa wakimtafuta kwa miaka, na sasa, wakiwa wamekaa sebuleni na vikombe vyao, wakajulishwa jina lake halisi, ufukwe wake, na saa yake ya kufika, kila wiki.

Jumamosi ya pili benchi jipya na viti vya nyuma yake vilijaa kabla ya saa tatu. Bepo aliwaona alipogeuka kuokota kimpira. Mstari wa mbele alikaa bwana mmoja wa Rijeka aliyeuziwa naye dawa ya kuotesha nywele, kipara chake kinang'aa juani. Pembeni yake, wanawake watatu wa Šibenik, wameshajuana, wanagawana korosho. Nyuma yao familia nzima ya Zadar, pamoja na bibi. Hakuna aliyepiga kelele. Walikuwa wamelipa kiingilio kwa Bi Vinka na walikuwa na subira.

"Mama," Bepo alinong'ona, "mchezo huu huisha saa ngapi?"

"Tukichoka."

"Basi tusichoke."

Kimpira kikaja. Bepo aliruka, akanyooka hewani kama ubao, akakigusa kwa ncha za vidole, akaanguka kifua mbele. Akainuka, akaruka tena. Aliruka kushoto, akaruka kulia, akaokoa mipira ambayo hata Jakov mwenye nyonga nzima asingeifikia. Ufukwe ulilipuka. Mtangazaji akapoteza sauti. "Tazameni moyo wa mtu huyu!" alilia kwenye kipaza sauti. "Saa ya pili sasa, na hataki kutoka! Mtu anaweza kupenda mchezo kiasi gani?"

Ilipofika saa ya tatu, wenzake wanne walitoka mmoja mmoja, midomo ya bluu, wakaelekea kwenye maji ya moto. Bepo alibaki peke yake katikati ya bahari ya magotini, anajirushia kimpira juu, anakidaka kwa kiganja, anajirushia tena.

Kwenye benchi, bwana mwenye kipara alifungua mkate wake wa mchana, akaukata katikati, akampa bibi wa Zadar nusu.