Mabwana Harusi wa Vanila

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe nne Oktoba 1979, redio ilipotangaza kuundwa kwa Idara ya Ndoa za Vanila. Kuanzia leo, ilisema redio, hakuna ua litakaloolewa kiholela.

Moindjié, mgane wa Mvouni, aliizima. Vanila haina nyuki wake visiwani. Nyuki wetu huja, hunusa, huenda zake kama mgeni aliyekuta sinia tupu. Ndani ya ua, mume na mke wamekaa chumba kimoja na pazia katikati. Mtu asipoliinua kwa mwiba asubuhi, mchana ua limekufa. Mwinuaji alikuwa mkewe, marehemu Djaouharia. Moindjié alikaa kivulini akimcheka: "Kadhi wa majani." Sasa kadhi hayupo, maua yanakaribia kuchanua, na mchekaji ana vidole kama ndizi na mwaka mzima wa kula unaotegemea maua hayo.

Akashuka Moroni kulalamika.

"Mlichokuwa mkifanya ni kuozesha kaka kwa dada," alisema mkurugenzi Mouzaoir. "Desturi yetu, mume huhamia kwa mke. Bwana harusi wa Moroni ataolea Mutsamudu, kisiwa kingine. Umoja wa visiwa."

"Bwana mkubwa, ua halingoji ndege."

"Litafundishwa."

Nyuma yake kapteni mmoja mamluki aliitikia kwa kichwa. Ni kizuizi cha mamluki hao hao barabarani kilichomchelewesha Djaouharia, akafika hospitali akiwa hana tena haja nayo. Moindjié alikusudia kumwambia. Lakini wakamteua Msindikizaji Mkuu wa Mabwana Harusi, wakampa koti. Akalivaa.

Akapanda ndege na mabwana harusi wake, yaani chavua, ndani ya kopo la sigara. Mutsamudu walimpokea kwa ngoma na hotuba tatu. Hotuba zilipokwisha, maharusi wote walikuwa wamenyauka.

"Shemeji, umeleta posa mazikoni," alisema Bi Housna, mwenye shamba. "Na maua yako umemwachia nani?"

Moindjié alirekebisha kola.

Baada ya wiki kadhaa za safari kama hiyo, alikuta mivanila yake ya Mvouni haina hata ganda. Kisiwa kizima kilitii, kikakosa. Isipokuwa baraza moja la nyumba huko Badjanani, mjini Moroni, lenye maganda marefu mabichi yaliyoning'inia, ya haramu kabisa. Lilikuwa la Bi Zoubeida, mama mkwe wa mkurugenzi. Na mkurugenzi, kwa desturi ile ile, alihamia hapo.

Hakuna aliyethubutu kumkamata. Wakamtuma Moindjié na koti lake.

"Mama, nimeagizwa—"

"Mwambie mkwe wangu mimi sikuozeshwa kwa ndege." Bi Zoubeida alimtazama vidole. "Kwako yamebaki maua?"

"Machache. Yanachanua kesho."

"Basi vua hilo koti."

Akamtia mwiba mkononi, akamsogezea ua. Pazia liliinuka. Moindjié alishindwa kumwangalia yule mama usoni; hapakuwa na mtu kivulini wa kumcheka.

Nje, kichochoroni, kapteni aliyefuatana na Mouzaoir alichungulia, akaona koti liko chini na kosa likitendwa mchana kweupe.

"Mkurugenzi, ingia umkamate."

Mouzaoir alitazama mlango, akatazama viatu vyake, akavivua kwa adabu, kisha akabaki pale pale kizingitini.

Kapteni akauliza, "Kwani hapa anatawala nani?"