Kero ya Hesabu Zinazoeleweka

Ndugu Mwalimu Mkuu,

YAH: OMBI LA KUHAMISHWA KWA MWALIMU WA HESABU WA DARASA LA NNE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na paa la ofisi yako bado liko mahali pake. Mimi ni yule seremala ambaye karakana yake inatazamana na lango la shule, na binti yangu wa mwisho yuko darasa la nne. Ijumaa kamati ya wazazi inakaa kuamua kama mwalimu mpya wa hesabu, yule ambaye watoto wanamwita Mwalimu Kokoto, abaki au ahamishwe. Mimi ni mjumbe wa kamati hiyo. Kura yangu nimekwishaiamua: ahamishwe, tena mbali.

Sina ugomvi na mama wa watu. Anawahi kazini, anasalimia vizuri, na meza yake niliitengeneza mimi. Shida ni kwamba anafundisha hesabu mpaka watoto wanazielewa, na sisi tunaoishi na watoto hao hakuna aliyetuandaa. Kero zangu ni hizi:

1. Kokoto. Mwalimu huyu hafundishi kuzidisha mpaka watoto wapange mawe mezani, safu kwa safu, wajionee kwa macho. Jambo jema, ila mawe hayo yanarudi nyumbani. Yako mfukoni, yako kitandani, moja tulilikuta kwenye supu. Juzi nikielekea bafuni gizani nilikanyaga saba mara nane yote, kuanzia safu ya kwanza hadi ya mwisho. Sisi tulifundishwa saba mara nane bila hata jiwe moja, na tulikaa miaka yote bila kuielewa, kwa amani kabisa.

2. Kukadiria. Siku hizi kabla ya kupima kitu ni lazima kwanza ukisie, halafu upime, halafu uone ulikosea kwa kiasi gani. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea, alisema atakaa siku mbili tatu. Binti akamshukuru kwa makadirio yake, na kila asubuhi akawa anaweka kokoto moja dirishani, mbele ya bibi yake, kwa adabu zote. Dirisha lilipokaribia kujaa, mama mkwe alifunga mizigo akiwa amenuna. Kero hii nakiri ilikuwa na nafuu ndani yake, lakini kero ni kero.

3. "Umejuaje?" Hili ndilo swali la nyumba yangu sasa. Mwalimu Kokoto haridhiki na jibu, anataka njia. Nikisema jambo, binti ananiuliza, "Umejuaje, Baba?" Nikamjibu kwamba najua kwa sababu mimi ni baba yake. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa, kwamba hilo ni jibu tu, njia bado hajaiona. Kisha wakafika kwenye hesabu za sehemu. Akachora mkate wetu wa asubuhi kwenye karatasi: nusu ya Baba, na nusu ya pili wanagawana Mama na watoto watatu. Mama yake akapata moja ya nane. Mchoro ukabandikwa ukutani jikoni. Mke wangu aliusoma, Mwalimu Mkuu, akanikabidhi kisu. Tangu siku hiyo mkate naukata mimi, huku nikisimamiwa.

5. Kosa la siku. Hapa ndipo roho yangu ilipochoka. Darasani kwake mtoto akikosa hachapwi wala hachekwi. Mwalimu huchagua kosa moja zuri, huliandika ubaoni, darasa humpigia makofi aliyelifanya, halafu wote hulifuata kinyumenyume mpaka waone mawazo yalipotea njia wapi. Wiki iliyopita nesi wa zahanati alinirudishia kwa hasira kabati nililomtengenezea: milango yake miwili inapandana, haifungi. Nilikuwa tayari nimevuta pumzi nimweleze, kama ilivyo desturi yetu mafundi, kwamba mbao imevimba kwa unyevu. Kabla sijafungua kinywa, binti akaanza kupiga makofi. "Hongera, Baba! Hili ni kosa zuri sana! Dada nesi, tumpigie!" Na nesi, sijui alirogwa na nini, akapiga. Wakapima pamoja, wakagundua kwamba nilipima upana wa fremu kwa nje nikagawanya kwa mbili, badala ya kupima kwa ndani. Milango nikaipunguza palepale. Nesi akaondoka anacheka, na ameagiza kitanda. Hii ni biashara ya namna gani, mteja anajua ukweli na bado anarudi?

6. Ugonjwa umetoka nje ya nyumba. Kinyozi jirani yangu akimharibu mtu kichwa, anampa pole na kumwambia ni kosa zuri. Na diwani wetu, mtu mzima na heshima zake, alipotangaza mkutanoni kwamba barabara yetu inakaribia kwisha, darasa la nne lilimwomba akadirie, kisha likaenda na kamba. Walikuta imejengwa robo. Diwani hajaonekana tangu siku hiyo. Nakuuliza kwa unyenyekevu: watoto hawa wakifika darasa la saba, nani atathubutu kuhutubia?

Kwa hiyo naomba darasa la nne lirudishiwe Mwalimu Rula, ambaye sasa hivi mmemweka stoo anatunza mafagio. Darasa la Mwalimu Rula lilikuwa na utulivu. Jedwali liliimbwa, nasi tulio ng'ambo ya barabara tulilisikia kama kwaya, na hakuna aliyeuliza chochote. Alinifundisha mimi mwenyewe, na matokeo yake unayaona. Mimi hata leo nakumbuka aliponisimamisha ubaoni na saba mara nane. Nilikosa, rula ikafanya kazi yake, na darasa zima likacheka mpaka kengele. Tangu siku hiyo sikunyoosha tena mkono katika shule yoyote. Iliniuma, sikatai. Lakini utulivu ulikuwepo.

Naomba ombi langu lifikiriwe kwa uzito. Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, mama wa jikoni, na Mwalimu Rula huko stoo. Mwalimu Kokoto naye msalimie, ila kwa kiasi.

Ni mimi, mzazi niliyechoka kuulizwa,
Seremala wa mkabala na lango.

Nyongeza: Usishangae kuiona barua hii ina vumbi la chaki. Nilikuwa sijaifunga bahasha, binti akaisoma, akaniuliza kero ya nne iko wapi. Nikamwambia ipo. Akaniuliza nimejuaje. Tukatafuta wote, haipo, nimeruka kutoka tatu kwenda tano. Leo asubuhi akaondoka nayo kwenda shuleni bila ruhusa yangu. Nikiwa napiga randa nikasikia makofi yamelipuka darasa la nne, nikadhani wamepata mgeni. Kumbe nimeshinda mimi. Kosa la siku. Walitoka mpaka langoni na mwalimu wao, wakanipigia tena kutoka ng'ambo ya barabara, nami nimesimama na randa mkononi, macho yananiwasha, na si kwa vumbi la mbao.

Mwalimu Mkuu, ile kura ya Ijumaa nimeigeuza, na wajumbe wengine nitawapitia mmoja mmoja. Mwalimu Kokoto asiguswe. Mwalimu Rula abaki na mafagio yake.

Na saba mara nane ni hamsini na sita. Ukitaka kujua nimejuaje, vuka barabara uje karakana. Nimezipanga kokoto juu ya benchi na sijaziondoa.