Kozi ya Bure kwa Malipo

Sukari alimkuta shemeji yake, mume wa dada yake, amelala fofofo sebuleni, simu kifuani. Ndani ya simu, mhadhiri mwenye ndevu nyeupe alikuwa akieleza namna ya kupanga stoo.

"Hii kozi itaniua," shemeji alisema alipoamshwa. Alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya vigae. "Bosi anataka meneja mwenye cheti. Kozi ni ya bure, iko mtandaoni, chuo kikubwa. Lakini nikifungua video tu, macho yanajifunga."

Mtu mwingine angempa pole. Sukari, ambaye hakuwahi kutoa kitu bure, hata salamu, alivuta kiti.

"Shemeji, mtu wa hadhi yako hasomi. Anasomewa."

Wakaelewana bei. Mpango wa Sukari ulikuwa mwepesi: abahatishe majibu, cheti kije kwa jina la shemeji, yeye ale pesa. Mtihani wa kwanza ukamwangusha. Wa pili vilevile. Basi bingwa wetu, kwa uchungu mkubwa, akalazimika kufanya jambo ambalo hakulipanga kamwe: akasoma.

Shemeji akapata cheti, akapata na cheo. Habari zikavuja kazini kwake. Muuzaji akaja, dereva akaja, dada wa mapokezi akaja, wote wakitaka elimu isiyowagusa. Sukari akairudia kozi ile ile mpaka akawa anamsahihisha mhadhiri. Jambo la aibu ni kwamba alianza kuipenda. Akiingia dukani, alikunja uso kwa jinsi mizigo ilivyorundikwa.

"Siku hizi unaamka mapema," dada yake alimwambia. "Unaumwa?"

Kampuni ilipotangaza nafasi ya msaidizi wa stoo, alipiga shati pasi akaenda kwenye usaili. Mezani alikaa mkurugenzi, mama asiyecheka ovyo, na pembeni yake shemeji, shingo imebanwa na tai.

"Vigae vyetu vinavunjika sana stoo," mkurugenzi alisema. "Wewe ungefanyaje?"

Sukari akaeleza. Mkurugenzi akaweka kalamu chini ili asikilize vizuri.

"Umesomea wapi?"

"Mtandaoni, mama."

"Cheti?"

Sukari akamtazama shemeji. Shemeji akatazama feni.

"Meneja," mkurugenzi alimgeukia shemeji, "wewe umesomea mambo haya. Anayosema ni kweli?"

"Kweli kabisa," shemeji alijibu, akijifuta jasho. "Ila kampuni yetu inaheshimu vyeti."

Sukari alipokosa kazi, shemeji akamshika mkono kwenye korido. "Usininunie. Mkurugenzi anataka nisome kozi ya juu zaidi. Nakulipa mara mbili, leo hii."

Sukari akapokea pesa yote kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu. Alipofika chumbani kwake akafungua kozi. Ukurasa ukauliza jina la mwanafunzi. Akasita, akalitafuta kichwani lile jina lake mwenyewe la shuleni ambalo hakuna aliyemwita kwalo tena, akaliandika taratibu.

Simu ikaita.

"Umeanza, shemeji?"

"Nimeanza. Wewe lala tu."