Kijiko cha Pilipili na Funguo za Duka

Jumatatu, 2 Juni

Baba mkwe anastaafu. Ametangaza leo akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo nilimwomba arudie. Amerudia. Jumapili ya tarehe kumi na tano, baada ya chakula cha mchana nyumbani kwake, atamkabidhi mmoja wa wakwe zake funguo za duka la ushonaji.

Wakwe wenyewe tuko wawili. Mimi, niliyekaa kwenye cherehani ya dirishani tangu kabla sijamwoa binti yake. Na mwanyumba wangu, mume wa dada yake mke wangu, mwalimu wa udereva, asiyejua hata uzi unapita wapi kwenye sindano. Ungedhani jibu liko wazi. Haliko. Mwanyumba anakula pilipili.

Mwezi jana alitafuna pilipili mbichi ya mama mkwe kama karanga. Baba mkwe akampiga begani, akasema mwanamume ndiye huyo. Mimi nilionja mchuzi wake tu, nikaomba maziwa. Tangu hapo mwanyumba ananiita Maziwa. Wanawe nao: Baba Mdogo Maziwa. Shikamoo, Baba Mdogo Maziwa!

Nalipenda duka lile. Mwanyumba amesema waziwazi kwamba akilipata atauza matairi. Matairi! Juu ya meza ya kukatia!

Mpango: kuizoea pilipili, kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Nimenunua kopo la pilipili ya unga. Muuza viungo ameniambia niangalie, ni kali. Nimemwambia aniangalie mimi.

Jumanne, 3 Juni

Ncha ya kijiko kwenye maharage. Kwikwi kuanzia mezani hadi kitandani. Mke wangu kaniuliza, pilipili usiyoila yakuwashiani? Nimemjibu kwamba nimeila, ndiyo maana. Hakucheka. Kwa maelezo yake, kwikwi imeendelea hata nilipolala.

Jumatano, 4 Juni

Nusu kijiko. Maendeleo mazuri, ila nilijifikicha jicho kwa kidole kile kile. Nimeshona suruali ya karani wa benki kwa jicho moja. Mguu wa kushoto umetoka mfupi. Nimemwambia karani tatizo ni jinsi anavyosimama.

Baba mkwe kanikuta nabubujikwa na machozi juu ya cherehani. Akauliza kama nyumbani kwema. Nikasema ni vumbi la kitambaa. Akakitazama kitambaa. Hariri tupu. Akaondoka.

Jumamosi, 7 Juni

Mke wangu amesema nikipiga kwikwi usiku mmoja zaidi, anarudi kwao. Nimemkumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akasema anayeinama ni yeye, kunishikia beseni.

Hana maono, maskini. Nampenda hivyo hivyo.

Jumatatu, 9 Juni

Ajabu! Kijiko kizima, na kwikwi hakuna! Mwili umesalimu amri. Nimegundua pia kwamba pilipili, kwa ndani kabisa, ina utamu fulani ambao wasio na uzoefu hawawezi kuujua. Nimemweleza fundi viatu wa jirani kwa kirefu. Aliendelea kupiga misumari.

Alhamisi, 12 Juni

Vijiko vitatu! Wali umekuwa mwekundu wote. Sikuhisi kitu isipokuwa fahari. Mke wangu alinipongeza akiwa amegeukia ukutani, mabega yakitikisika. Sikujua kama jambo hili linamgusa kiasi hicho.

Nimemtumia mwanyumba ujumbe kwamba Jumapili aje na maziwa yake. Amejibu kwa picha ya tairi.

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa shida. Ulimi haujarudi.

Mama mkwe aliweka kisahani cha pilipili mbichi katikati ya meza. Mwanyumba akachukua moja, akanikonyeza. Nikachukua tatu. Kwa mpigo! Nikatafuna nikimkazia macho.

Mungu wangu.

Ulianza ulimi, yakafuata masikio. Hii haikuwa pilipili ninayoijua mimi. Na hapo hapo baba mkwe akasimama kutoa hotuba. Akaanza kusimulia mkasi wake wa kwanza, na miaka aliyoinama juu ya nguo za watu. Machozi yakanitoka hadi kwenye kola. Nilijaribu kuomba maziwa, kikatoka kilio. Kamasi nazo. Mama mkwe aliponiona akaanza kulia naye.

Baba mkwe akaikatisha hotuba. Akasema alikuwa hajaamua bado, lakini sasa ameamua. Ana wakwe wawili: mmoja amekaa mkavu anatafuna, mwingine analia kama anamzika baba yake mzazi. Akasema anaikumbuka siku ile ya hariri, kumbe uchungu ulinianza zamani nikauficha. Akaja akanikumbatia, akaniwekea funguo mkononi.

Zilikuwa za baridi. Nikazitia mdomoni. Wakadhani nazibusu. Meza nzima ikalia.

Mwanyumba alipiga kelele kwamba ni pilipili tu hiyo, jamani, ni pilipili! Baba mkwe akamwambia aone haya.

Jumatatu, 16 Juni

Mke wangu amekiri. Jumamosi ile aliimwaga pilipili yangu yote, akajaza kopo unga wa hoho nyekundu aliyoikausha na kuisaga mwenyewe. Eti alitaka kulala. Wiki nzima nimekula hoho! Alinisimulia akiwa amekaa sakafuni, kwa sababu kicheko kilimmaliza nguvu za miguu.

Nilikasirika kidogo. Kisha nikatafakari. Mtu aliyekula hoho tu, halafu akamaliza pilipili tatu mbichi bila mazoezi yoyote, huyo si mtu wa kawaida. Ana kipaji. Nimemweleza mke wangu hivyo. Ameanza kucheka upya.

Jumanne, 17 Juni

Nimefungua duka mwenyewe leo. Nimepitisha mkono juu ya meza ya kukatia, kutoka mwisho hadi mwisho. Hakuna tairi hata moja. Nimefurahi mno, nilisahau hata kuwasha taa. Karani wa benki amekuja na suruali yake. Nimeshusha pindo la kushoto bila kubishana.

Mchana baba mkwe kaja na chakula, na chupa ya pilipili ya kusaga ya mama mkwe. Amesema mama hajalala kwa furaha. Hajawahi kuona mkwe akila tatu kwa mpigo. Kuanzia leo ataniletea kila siku, na yeye mzee atakuwa anakuja kula na mimi, kwa vile sasa hana kazi. Akavuta kiti. Akanitazama.

Hapa ningeweza kusema ukweli. Mlango nimeufunga kwa muda wa chakula, wateja hamna, na mzee ni mtu mwema. Angecheka, yakaisha.

Nikala kijiko kizima.

Jicho la kulia lilijifumba lenyewe. Mguu mmoja ulikanyaga cherehani, ikashona hewa. Nilipopata sauti, nilimwambia mama amejitahidi, ila haijakolea.

Mzee amefurahi kupita kiasi. Kesho ataniletea ile ambayo mama mkwe hawapi wageni.