Mtungi wa Shemeji Sun-ae

Jumatatu, 8 Aprili
Kabati la kioo katikati ya makumbusho yetu ya gochujang, rojo la pilipili la Kikorea, bado tupu. Mkurugenzi, Bwana Ok, katangaza leo: Jumamosi kamati itaonja rojo la pilipili la kila nyumba. Mtungi utakaoshinda utakaa humo miaka mitano, na jina la mwenyewe chini yake. Miaka kumi na moja nawatembeza wageni humu, na jina langu halijaandikwa hata kwenye mlango wa stoo. Safari hii watasoma: Pyo Chang-gyu!

Kikwazo ni kimoja. Shemeji Sun-ae, mjane wa kaka yangu, tunapakana ukuta kwa ukuta. Mama alimwachia yeye mtungi wake wa rojo, maana ni mke wa mtoto wa kwanza. Ndiyo desturi. Mimi niliambulia redio.

Jumanne, 9 Aprili
Redio imesema mvua, siku nne mfululizo. Nikapata wazo.

Kila siku nawaambia wageni: mtungi hufunuliwa juani, hufunikwa mvuani. Maji yakiingia, rojo kwisha. Shemeji ana magoti mabovu, kila asubuhi yuko kwa mganga wa sindano. Ngazi za ulingo wa mitungi uani kwake anaziweza jioni tu, sindano zikishafanya kazi. Basi alipoondoka tu, nikapanda nikautoa mfuniko wa mtungi wake. Wangu nimeufunga kwa plastiki na kamba. Akili ni mali!

Mvua haikunyesha.

Jumatano, 10 Aprili
Jua kali. Shemeji alifunika jana jioni, hakuuliza kitu. Nimefunua tena. Wingu moja lilikuja, likatutazama, likaenda kwa watu wengine.

Alhamisi, 11 Aprili
Jua. Nimefunua. Bi Ma, mkata tiketi wetu, kanikuta nimekodoa macho mbinguni, kauliza kama naomba mke. Nikamjibu nautafakari urithi wa taifa. Akasema basi niutafakari kivulini, upara unaiva.

Ijumaa, 12 Aprili
Nimefunua mara ya nne. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mtungi wangu sijaugusa, redio inazidi kuapa.

Jumamosi, 13 Aprili
Aibu! Nimefungua plastiki mbele ya kamati. Ukungu mweupe, mnene, na harufu ya soksi. Bwana Ok kaniuliza kwa upole kama nimewahi kusikiliza maelezo yangu mwenyewe.

La shemeji: jekundu, linang'aa, limekolea jua la siku nne. Mwenyekiti wa kamati kalamba kijiko mara tatu. Shemeji kashinda, bila mjadala.

Akasimama na magoti yake yale, akasema ushindi ni wa shemeji yake. Kwamba jirani wa ng'ambo ya barabara kaniona kila asubuhi nikimpandia ngazi kumfunulia mtungi, bila kuombwa. Akanigeukia mbele ya watu wote: "Na mimi nilidhani una kinyongo nami tangu mama atutoke, shemeji. Nisamehe." Makofi! Nikalia. Walidhani ni upendo. Kisha nikaonja, ikawa ladha ya mama kabisa, nikalia upya, na mara hii sikujua nalilia nini.

Shemeji kawaambia jina langu nalo liandikwe.

Jumapili, 14 Aprili
Kibao kimewekwa. Juu, kwa herufi kubwa: Bang Sun-ae. Chini, kwa herufi za kusomwa na sisimizi: "akisaidiwa na shemeji yake." Jina hakuna! Bwana Ok anasema nafasi haikutosha.

Shemeji kaniletea bakuli la rojo na ufunguo wa geti, niwe namfunulia mitungi yote saba kila asubuhi. Kasema ananiamini kama ndugu wa tumbo moja. Nikachanganya rojo na wali, nikala mabakuli mawili, moyo ukalainika. Nikaona haya kwelikweli, hadi saa nane mchana.

Oktoba kuna shindano la mchuzi wa soya. Kosa langu sasa nalijua: nilitegemea redio. Saa tisa nimekwenda sokoni, nimenunua mpira wa kumwagilia bustani, mita thelathini. Ukutani kwa shemeji unafika vizuri.