Saba na Tano, kwa Nini?

Redio ya Upara kinyozi ndiyo iliyochokoza. Mtangazaji alisema kuanzia muhula huu mwanafunzi akiulizwa saba kujumlisha tano, jibu peke yake halitoshi, sharti aeleze na kwa nini. Benchi zima nje ya kibanda chake likaangua kicheko, isipokuwa Msumeno, fundi seremala, aliyekuwa anameza kahawa yake kama dawa ya minyoo.

"Eti kwa nini!" Upara alipayuka, mashine hewani, mteja kanyolewa nusu kichwa. "Sisi tuliambiwa kumi na mbili, ukibisha unachapwa. Sababu yenyewe ndiyo hiyo. Mimi ninazo sababu tatu mgongoni mpaka leo!"

"Ni sheria," alisema Mheshimiwa, karani mstaafu ambaye hajawahi kukosa la kusema. "Ilipitishwa. Muhuri niligonga mwenyewe."

"Uliigongea muhuri kumi na mbili?" Upara akauliza.

"Nakala tatu."

"Haya basi, mgonga mihuri. Saa kumi na mbili ukiongeza saa moja, inakuwa saa ngapi?"

"Saa moja."

"Sasa kumi na tatu imekwenda wapi? Nani kaila?"

Mheshimiwa akakuna kidevu. "Hilo liko chini ya idara nyingine."

"Chekeni tu," Msumeno alisema. "Mwenzenu nimeitwa shule."

Akaeleza kwamba binti yake wa darasa la pili alikuja na swali hilohilo nyumbani, akamuuliza yeye, maana kwa mtoto yule baba anajua kila kitu.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia inategemea unaungaje. Ubao wa futi saba na wa futi tano, ukizipandisha moja juu ya nyingine kwenye kiungo, unapata kumi na moja na nusu. Akaandika hivyohivyo. Kwa kalamu ya wino."

Upara alicheka mpaka mteja akaziba sikio lake kwa kiganja, kulinusuru.

"Kapewa yai, sifuri nzima. Kabishana na mwalimu, eti baba yangu hakosei. Sasa haingii darasani mpaka niende nikaeleze." Msumeno aliishia darasa la nne. Aliona aibu, na kilichomuuma si mwalimu, ni yule mtoto atakayekuwa amesimama pembeni akimtazama.

"Mnapiga domo na vikombe vyangu!" Mama Kahawa alikuja na trei yake inayochukua vikombe kumi, si zaidi. Saba vilikuwa vimeshapangwa. Akawapokonya vitano. Vitatu vikajaza trei, viwili vikabaki mkononi.

"Kumi, na viwili," alisema. "Kila siku ni hivyo, mbishe msibishe."

Msumeno akainuka. "Hebu rudia!"

"Nirudie nini, wewe?"

"Kumi... na mbili! Kumbe jibu limo kwenye jina lake! Tano inaipa saba tatu, saba inakuwa kumi, zinabaki mbili. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopotea. Ubao wangu ulipungua kwa sababu ile nusu futi niliipandisha, nisiihesabu!"

"Hiyo ni kwa vikombe," Mheshimiwa alionya. "Kura zina utaratibu wake."

Msumeno alikwishampokonya Mama Kahawa vile viwili, akaondoka na trei, mwenyewe anamfuata kwa matusi.

Ofisini kwa mwalimu mkuu alivipanga mezani. Saba, tano. Akahamisha vitatu. Jasho lilimtoka, lakini alimaliza, na binti yake pale mlangoni alikuwa anatabasamu kwa meno yote aliyokuwa nayo. Mwalimu mkuu akainuka, akachungulia nje, akamvuta mtoto ndani, akafunga mlango.

"Baba," alinong'ona, akichomoa kalamu, "rudia taratibu niandike. Sisi tumeletewa maswali tu. Majibu wamesema yapo njiani."

"Na binti yangu?"

"Huyu aende darasani sasa hivi. Wewe usiondoke. Kesho kuna nane na sita."