Wajomba ya Marehemu Iko Wapi?

Koboko, Jumatatu

Kwa Mzee Zubeiri, mwenye kibanda ya video,

Salamu nyingi. Mimi iko mzima, watoto iko mzima, roho tu ndiyo inauma. Jumamosi ulinitoa kibandani mbele ya watu yote, ati nimetaja muuaji. Sasa naomba kwa heshima: nirudishe ndani, ama funga kabisa hiyo sinema ya Wazungu ya zamani, maana iko na makosa.

1. Kwa macho iko mzuri. Farasi, kofia, sahani ya fedha, sawa. Lakini mzee tajiri anafia mezani, wanamzika, hata mutu mmoja hasimami kaburini kusema amekufa namna gani! Hapa nani anazikwa hivyo, kama kuku?

2. Wajomba ya marehemu iko wapi? Kwetu ndugu za mama wangefika na hasira, wakatae chakula, wakatae kuzika, mpaka waambiwe nani amekula mtoto yao. Kesi inaisha kabla ya chai. Hawa Wazungu walizaliwa bila mama?

3. Ule mpelelezi anaingia nyumba ya watu, anauliza nani analala wapi, nani amegombana na nani, anafungua hata barua. Wanampa kiti, wanamwita bwana. Mimi nikiuliza hayo hayo sokoni, mnasema, "Kadijah, mdomo yako itakuua!" Yake ni kazi, yangu ni umbeya? Tofauti ni kofia tu.

4. Niliona mjane analia bila kamasi. Nikasema, "Ni huyu!" Hakim wako, anayetafsiri kwa maikrofoni, akanijibu, "Mama, nyamaza, hata mimi sijajua." Basi asiyejua anapewa maikrofoni, anayejua anatupwa nje. Na kazi yote hapa inapewa hivyo hivyo.

Kwa hiyo Jumamosi hii, ukionyesha sehemu ya mwisho ya hiyo sinema, maikrofoni nipewe mimi. Nitamaliza kesi kwa dakika kumi, watu waende shamba.

Salimia bibi yako Prossy, salimia mama yako kule Ludara, salimia na wote waliocheka nikitolewa.

Ni mimi, kwa unyenyekevu wote,
Kadijah, muuza mihogo

N.B. Jirani yangu Juliet, yeye alibaki kibandani, amepita sasa hivi. Anasema nilipotoka tu, mjane naye alikutwa amekufa pale kwenye ngazi ya nyumba. Sasa nani? Mzee Zubeiri, wachana na maikrofoni. Nitakaa nyuma, chini, mdomo nimefunga na kitenge. Lakini soko mzima nimeshawaambia mjane amefungwa maisha. Nifungulie, nijue Jumapili nitasema nini.